Ngome Aliyoikataa Zadock

Mpaka leo wapo watu Kisumu watakaokuapia kwamba Zadock aliuza mchezo. Waongo wakubwa. Zadock hakuwahi kuuza kitu maishani mwake ila samaki, na samaki wenyewe aliwauza kwa hasara. Alichokifanya mwaka ule wa tisini na tatu, ndani ya ukumbi wa kanisa, mchana kweupe, watu wakitazama, kilikuwa kibaya kuliko kuuza mchezo, na mwenyewe alikifanya kwa moyo safi kabisa. Hapo ndipo panapouma. Mtu mbaya akitenda ubaya unamlaani, unakwenda zako ukanywe chai. Mtu mwema aliyeharibu kwa wema wake, huyo utamwambia nini?

Zadock alikuwa na kaka mmoja tu, Joram. Kwao ni Usenge, kwa mama yao, Mama Rosa, aliyeanika omena, wale dagaa wa ziwani, tangu ujana wake mpaka mikono ikanukia omena hata Jumapili kanisani. Baba yao alifariki wangali wadogo, na Joram akawa baba kabla hajaota ndevu. Yeye ndiye aliyemsomesha Zadock, yeye ndiye aliyemvisha viatu vya kwanza, na yeye ndiye aliyemchapa alipotoroka shule. Miaka ya themanini alikuja mjini akapata ukarani katika kiwanda cha nguo, na katika klabu ya wafanyakazi wa hapo ndipo alipojifunza chesi, mchezo ambao wa vitabuni wanauita sataranji. Wenzake walikwenda klabu kunywa bia. Joram alikwenda kuinamia ubao wenye miraba myeusi na myeupe, na akawa moto wa kuotea mbali.

Zadock alipokuja kuishi naye kwenye chumba kimoja cha Nyalenda, kaka mtu alimfundisha mchezo huo kila jioni baada ya kula. Selpha, mkewe Joram, alikuwa akiwauliza kama wanaona kwamba makaa yamekwisha, ama macho yao ni ya kuonea farasi wa mbao peke yake. Walikuwa wakiitikia "ndiyo" bila kuinua kichwa. Somo alilolirudia Joram kuliko yote lilihusu ngome, ile kete nzito inayokwenda moja kwa moja mbele na pembeni. Ukiwa umemzidi mwenzako askari mmoja, alisema, punguza vita: ngome yako kwa ngome yake, zitoke zote mbili, ubaki na askari wako anayetembea mpaka mwisho wa ubao ageuke malkia. Lakini ukiwa wewe ndiye uliyepungukiwa, ing'ang'anie ngome yako, usimpe mtu nafasi ya kuibadilisha hata akikubembeleza. Zadock alilijua somo hilo kabla hajajua kusonga ugali.

Kisha kiwanda kikafungwa. Mageti yakatiwa kufuli, na makarani wakarudi mitaani kutembeza soksi na mitumba. Zadock, cheti chake cha kidato cha nne kikiwa kimekunjwa sandukuni, akaenda Dunga kupara na kukata samaki kwa kibarua. Siku za kibarua kizuri walikula ngege, samaki mzima na nyama yake. Siku nyingine, ambazo ndizo zilikuwa nyingi, walikula mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishakwenda Ulaya. Ukiitazama sahani unaona samaki mzima ana kichwa na mkia, ila katikati hamna kitu. Na watoto wa Joram walikuwa wawili, Awuor na Oketch, wenye njaa ya umri wao.

Ndipo kampuni moja ya kusindika mbuta ikaleta habari. Makampuni siku hizo yalipenda kushindana kwa michezo, na meneja wa hiyo alikuwa mpenzi wa chesi aliyetaka timu yake mwenyewe. Wakatangaza mashindano ya mji mzima. Atakayekuwa wa kwanza ataandikwa karani wa kudumu, apewe nyumba ya kampuni kule Migosi na kadi ya hospitali. Wa pili atapewa mkono wa hongera. Zadock aliposikia hayo, mwili ulimsisimka. Mjini hapo hakukuwa na mchezaji wa kumtisha ila mmoja, na huyo mmoja walilala chumba kimoja, pazia katikati.

Na huyo mmoja alikuwa anakwisha. Tangu mwaka uliotangulia Joram alikuwa akikohoa na kukonda, shingo ikawa haijazi kola. Ulikuwa ni ule ugonjwa uliokuwa ukipita mwambao mzima wa ziwa ukiondoka na watu wazima na kuacha vibibi na vitoto, lakini nani angethubutu kuutaja? Majirani walisema ni kifua. Mchungaji alisema ni majaribu. Mama Rosa, aliyevaa beji ya umoja wa akina mama kila Jumapili na kuhesabu miiko ya nyumba kila Jumatatu, alisema ni chira, kule kukonda kunakompata mtu mwiko wa nyumba yao unapovunjwa. Na aliyeuvunja alimjua.

Kwao, mbegu ina utaratibu wake. Mkubwa ndiye anayepanda kwanza, wadogo wanamfuata, na mdogo atakayemtangulia mkubwa wake amemruka, na kumruka mkubwa ni kumchimbia kaburi. Sasa msimu wa mwaka uliotangulia mvua ilinyesha, na Joram, aliyetakiwa kutoka Kisumu aje apande, hakutokea. Wakamngoja. Ardhi ikaanza kukauka tena. Zadock, aliyekuwa ametangulia nyumbani, akajiuliza mama yake atakula nini mwaka mzima, akashika jembe akapanda mahindi. Joram alipofika siku za mbele alilitazama shamba tu. Baada ya hapo kikohozi kikaanza. Ukimwambia mama kama Rosa kwamba mambo mawili yanaweza kufuatana bila moja kulizaa la pili, atakuuliza umesoma shule gani ya wapumbavu.

Zadock alisoma, ndiyo, lakini kusoma ni kwa mchana. Alipokuwa akimsikia kaka yake akikohoa ng'ambo ya pazia, alijua moyoni kwamba ni yeye. Alipokwenda Usenge kumwambia mama habari za mashindano, akidhani atabarikiwa, mama alimwuliza swali moja tu, kama Joram naye atacheza. Zadock akasema ndiyo, amejiandikisha, ingawa hakuna ajuaye kwa nini, maana hata ngazi za kanisa zinamshinda. Mama Rosa akaacha kugeuza omena zake.

"Ulimruka ndugu yako mara moja, na unaona," alisema. "Ukimruka tena utamzika. Sikio halipiti kichwa, Zadock."

Zadock alirudi mjini akiomba jambo moja, kwamba wasikutanishwe. Mungu ana watu wengi wa kuwasikiliza.

Siku za mashindano zilipita, na kila mtu akawa anapangiwa mwenzake wa alama za karibu. Joram alishinda michezo kadhaa kwa ujuzi wa zamani na kupoteza miwili kwa uchovu. Hata angeshinda wa mwisho, hangefika juu. Zadock na Walubengo, fundi wa umeme kutoka Webuye, kijana mpole asiyependa makuu, walikuwa sawa kileleni. Siku ya mwisho Masinde, mwalimu wa hesabu aliyekuwa mwamuzi, akasimama mbele ya ukumbi akasoma nani atakutana na nani. Walubengo na mzee mmoja wa posta. Zadock na Joram. Watu wakacheka, wakaona tamu: ndugu kwa ndugu. Zadock alitoka nje akanawa uso kwenye bomba la kanisa, akanawa tena, na aliporudi bado uso ulikuwa unamwaka.

Joram alikuwa amekwisha kaa. Alivaa sweta katika lile joto la Kisumu, na Selpha alikuwa kwenye benchi la ukutani na chupa ya uji. Joram alipata kete nyeupe, kwa hiyo alianza yeye. Siku zote Joram alizoea kumsukuma askari wa katikati, aliye mbele ya mfalme, aende vitani waziwazi. Siku hiyo alisukuma askari wa pembeni, upande wa malkia. Zadock alimtazama, kisha akasukuma askari wake aliyeelekeana na yule. Joram akamtoa askari mwingine mdogo upande wa mfalme ili askofu apate dirisha. Zadock naye hivyo hivyo. Askofu huku, askofu kule. Farasi huku, farasi kule. Joram akamficha mfalme wake nyuma ya ngome, Zadock akamficha wa kwake. Ubao ukawa kama mtu aliyesimama mbele ya kioo, na watazamaji wakaanza kunong'ona kwamba mdogo hana akili yake, anakopi.

Waache wanong'one. Chesi inaruhusu kuiga, ni ufunguzi unaojulikana na wakubwa wa mchezo wanaucheza. Lakini Zadock hakuwa akiwaza wakubwa wa mchezo. Kila alipoona hatua nzuri ya kwake mwenyewe, mkono ulikuwa mzito. Alipofuata nyayo za kaka yake, mkono ulikuwa mwepesi. Aliyepanda mbele alikuwa Joram, yeye alipanda nyuma. Angeweza kucheza hivyo mpaka jioni, kila mtu akapata haki yake na hakuna wa kufa.

Basi mambo ya namna hiyo hayadumu. Joram aliufungua uwanja wa katikati, kete zikaanza kulana, malkia kwa malkia, farasi kwa farasi. Na katikati ya kulana kule, Joram alikula askari asiyefaa kuliwa. Zadock aliliona kosa lile akadhani macho yanamdanganya. Hapo hakukuwa na cha kuiga tena. Ilibidi ale, maana kutokula kungekuwa ni kujitangaza kichaa. Akala. Vumbi lilipotulia, kila mmoja alibaki na mfalme, ngome moja na askari wachache, na Zadock alikuwa amezidi askari mmoja. Wakati huo huo makofi madogo yakasikika upande wa pili wa ukumbi. Walubengo alikuwa amemshinda mzee wa posta.

Kwa hiyo ikawa wazi kwa kila mwenye akili ndani ya ukumbi ule. Zadock akishinda, yeye na Walubengo watafungana, na kwa kuwa Zadock alikuwa amemshinda Walubengo walipokutana mwanzoni, kazi ni yake. Akitoka sare, kazi ni ya Walubengo. Ndivyo Masinde alivyokuwa amewaeleza asubuhi, na hakuna aliyepinga.

Joram akaishika ngome yake, akaisogeza mpaka uso kwa uso na ngome ya Zadock, mfalme wake akiilinda ubavuni. Maana yake ni moja: kula ngome yangu, mimi nile yako, zitoke. Yeye, aliyepungukiwa! Yeye, aliyelirudia somo lile mpaka Selpha akalijua! Mtoto wa shule anayejifunza asingelifanya. Zikitoka ngome, askari wa Zadock angetembea mpaka mwisho na hakuna wa kumzuia.

Zadock aliinua macho. Joram alikuwa anamtazama, mashavu yameingia ndani, jasho kwenye mdomo wa juu. Zadock alimhurumia. Alijiambia, ugonjwa umefika kichwani, kaka yangu haoni tena ubao. Na mimi nimle mtu asiyeona? Nimruke mara ya pili, mbele ya watu wote hawa, akiwa hivi? Akaiondoa ngome yake pembeni, mbali na hatari ile ambayo ilikuwa hatari ya kushinda.

Joram akaifuata. Akaiweka yake uso kwa uso tena, kwenye mstari ule mwingine. Zadock akarudi alikotoka. Joram naye akarudi, uso kwa uso. Watazamaji wakakaribia meza. Sasa mchezo una sheria yake: hali ile ile ya ubao ikijirudia mara tatu, mchezaji akidai, ni sare. Na kwa kuwa kwenye meza hairuhusiwi kusema na mwenzako, wachezaji huitumia sheria hiyo kuombana amani kimya kimya. Anayerudia hatua anakwambia, tuache hapa, ndugu. Zadock akaielewa hivyo, na moyo ukatulia. Kumbe kaka hakupotewa na akili. Kaka anaomba sare, anaomba aondoke mezani na heshima yake, asiangushwe na mtoto aliyemvisha viatu. Na nani angekunyima kitu kama hicho, wewe kaka yangu? Kazi itakuja nyingine. Ndugu haji mwingine.

Akaiondoa ngome. Wakazunguka hivyo tena, huko na kurudi, na Joram akaisukuma yake mbele ya ile mara ya tatu pale pa mwanzo, akaiachia polepole kama mtu anayemwekea mgonjwa chakula. Zadock akainua mkono akamwita Masinde.

Masinde akaja, akahesabu hatua zilizoandikwa, akamwangalia Zadock juu ya miwani. Alimwuliza kama anajua anachokidai. Zadock akasema anajua. Masinde akasimamisha saa, akatangaza sare. Joram hakunyoosha mkono. Alibaki ameishika ile ngome kwa vidole viwili, anautazama ubao, mpaka Zadock akadhani amezimia. Kwenye benchi Selpha alisimama akatoka nje, akaiacha chupa ya uji pale pale.

Walubengo wa watu alikuja kumpa Zadock mkono, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepata nyumba Migosi. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mchezo ule mwenzake alikuwa amekwisha shindwa. Zadock akasema aliona. Nyuma yao mtu akasema wazi, apate kusikika, kwamba fundi wa umeme amewasha taa mfukoni mwa mtu. Ndipo maneno ya kuuza mchezo yalipoanzia.

Joram alipelekwa Usenge, kwa kuwa mtu wa kwao haachi kufia kwao. Na hebu tazama dunia inavyomchezea mtu: majuma ya kwanza alipata nafuu. Alikula samaki, akatembea mpaka ufukweni kutazama mitumbwi. Mama Rosa aliimba akianika. Alimwambia Zadock, aliyekuwa akija kila alipopata kibarua cha kumtosha nauli, kwamba ameona sasa heshima inavyoponya. Zadock akaamini. Alikata samaki Dunga akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu utotoni. Watu wakimwita muuza mchezo alicheka, akasema moyoni, nimenunua ndugu, ninyi mmenunua nini?

Halafu nafuu ikakatika. Joram akalala, hakuamka tena kwa miguu yake. Alasiri moja alimwomba Zadock awatoe watu wote chumbani, hata mama, abaki Selpha peke yake. Zadock akakaa kitandani, karibu na miguu iliyokuwa mifupa mitupu.

"Kwa nini hukula ngome?" Joram akauliza.

Zadock akamwambia ukweli, kwamba alidhani anaomba sare.

Joram akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na Selpha akaja kumshika mgongo, na Zadock akaogopa kile kicheko kuliko kikohozi. Kilipopita, alisema pole pole, akipumua kati ya maneno.

"Nilijiandikisha nikukute wewe. Nilijua wengine utawaweza, ila nilijua pia mkono wako utaogopa siku ya mwisho. Nikasema, nikae mimi mwenyewe mbele yake, nimpe. Nikakupa askari. Nikakupa ngome. Ningefanya zaidi ya hapo wangejua nakuachia, wangekunyima. Mara tatu pale pale nilikupa, omera, ndugu yangu. Mara tatu."

"Mama alisema nikikuruka tena nitakuzika," Zadock akasema.

"Hukuniruka hata mara ya kwanza." Joram akafumba macho. "Daktari aliniambia kabla hujashika jembe. Nilikuwa hospitali siku zile mnaningoja nije kupanda. Ndiyo maana sikuja."

Zadock akauliza kwa nini hakusema, na hapo sauti yake ilikuwa imepanda, hakujali nani anasikia. Joram akajibu kwa swali: angemwambia nani? Mama, aliyekwisha pata jina la ugonjwa na mkosaji wake? Mtaa? Aliona haya, basi. Mwaka mzima aliuacha ule uongo ukae, kwa kuwa ulikuwa mwepesi kuliko ukweli, na hakujua kwamba mdogo wake naye ameuamini na kuubeba kichwani.

"Watoto watakuwa wako nikienda," alisema mwisho. "Nilitaka uwapokee ukiwa na kitu."

Hakusema mengine ya maana baada ya hapo. Alifariki mvua za vuli zilipoanza, wakamzika kando ya baba yake. Mama Rosa alilia akisema mwanawe alirukwa mahali fulani ambapo yeye hakupajua, na Zadock, aliyekuwa na maneno ya kumnyamazisha, alimwacha aseme. Angemwambia nini? Kwamba laiti angefunga mdomo wake siku ile ya omena? Mama ni mama. Lakini alimchukia, na alijichukia kwa kumchukia.

Zadock alijaribu. Alikwenda kwenye geti la kampuni akaomba aonane na meneja, na Walubengo mwenyewe, Mungu ambariki, alimwombea ndani. Jibu lililotoka lilikuwa la upole: timu ina mtu wake, na mtu ambaye watu wanasema anauza michezo ni vigumu kumwandika. Ule umbea wa ukumbini ulikuwa umetembea haraka kuliko yeye. Akarudi Dunga, na huko nako vibarua vilikuwa vinapungua, kwani siku hizo malori ya viwanda yalikuwa yakichukua samaki wakiwa bado majini, karibu tuseme.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa wakasema lililotarajiwa. Nyumba ya marehemu haikai bila mwanamume, mdogo wake yupo, aingie. Hawakumuuliza Selpha. Hawakumuuliza Zadock pia, walimwambia tu. Asubuhi iliyofuata akaenda, hakuwa na nia ya kuingia wala nia ya kukataa, alikwenda tu kama anavyokwenda mtu aliyetumwa. Selpha alikuwa ameketi mlangoni anachambua kunde. Hakumpa kiti.

"Shemeji, humu ndani hutaingia," alisema. "Mimi nilipimwa pamoja na Joram, na majibu yetu yalikuwa mamoja. Wazee waambie nimekataa, waniite jina watakalo."

Zadock akasema hakuja kwa ajili ya hayo. Alikuja kwa ajili ya watoto. Kaka alimwachia, na yeye hajakataa.

"Najua alikuachia, nilikuwepo. Nilikuwepo hata kule ukumbini." Selpha aliendelea kuchambua kunde, hakupandisha sauti. "Mimi sina siku nyingi, na mama ni mzee. Watoto ni wako, sikunyimi. Sasa niambie, utawalisha nini?"

Zadock akachuchumaa mbele yake. Selpha alimngoja, na alimngoja kweli, mikono imetulia juu ya ungo, kama mtu anayetumaini kwamba labda lipo jibu ambalo yeye hakuliona. Alipoona hakuna, akageuza kichwa kuelekea nyuma ya nyumba.

"Awuor, Oketch, njooni mumsalimie baba yenu."

Wakaja wamevaa zile nguo za matanga, maana ndizo zilizokuwa nzima. Mpaka jana walikuwa wakimwita baba mdogo. Wakampa mikono kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza jina limebadilika kwa sababu gani. Kisha Awuor, ambaye ndiye mkubwa, akamwuliza kama amewaletea chakula. Zadock akamwambia hapana, hakuleta.